Lava ya La Palma imetoka hekta 1,590 na mafuriko ya Lukuledi yamemeza mashamba ya chumvi: tumekosea wapi?

Mpimaji_Mingoyo

Wakuu, salaam kutoka Lindi. Naomba msaada wa wataalamu wa ramani na wa mipango ya ardhi.

Tunaandaa mafunzo ya siku tano kwa maofisa ardhi na wapima: kutumia picha za setilaiti za bure kupima uharibifu, kisha kugeuza matokeo kuwa kanda za matumizi ya ardhi ya kijiji. Zoezi la kwanza tumechagua volkano kwa sababu lava haina ubishi, ilipopita imepita, na ramani za kujilinganisha nazo zipo. Tumechukua mlipuko wa Cumbre Vieja, kisiwa cha La Palma huko Kanari, Hispania, 19 Septemba hadi 13 Desemba 2021. Zoezi la pili ni la nyumbani: mafuriko ya Lukuledi, kuanzia Mingoyo hadi mto unapoingia ghuba ya Lindi.

Tulichofanya La Palma: picha mbili za Sentinel-2 (setilaiti ya Ulaya inayopiga picha za mwanga) daraja la 2A (zilizosahihishwa athari za hewa), moja ya Agosti 2021 na nyingine ya Februari 2022. NDVI (kipimo cha ukijani wa mimea) kwa kila moja, tukatoa ya baada kwenye ya kabla, na kila palipopungua kwa zaidi ya 0.2 tukapaita lava. Matokeo: karibu kisiwa kizima kimepoteza kijani, hata misitu ya kaskazini ambako volkano haikufika. Kipande cha lava kilichoingia baharini hakikuonekana kabisa. Tukasafisha kwa mkono, tukachora kile cha baharini, tukapima eneo: hekta 1,590. Ramani zilizotangazwa zinasema zaidi kidogo ya 1,200.

Lukuledi: Sentinel-1 (setilaiti ya rada), bendi ya VV (wimbi linalotumwa wima na kupokelewa wima), chochote chini ya desibeli −16 ni maji. Mashamba ya chumvi yote yamekuwa mafuriko, na uwanja wa ndege nao umekuwa bwawa. Upande wa pili, mikoko ambayo tunajua ilizama imetoka kavu.

Halafu mpaka wa kijiji tulioutoa kwenye ramani ya zamani ya 1:50,000 unakaa pembeni, unakata mto mahali ambapo mpaka halisi ni mto wenyewe.

Kompyuta zetu zina RAM ya GB 8 na intaneti ni ya bando. Na swali kubwa kuliko yote: ramani ikishakuwa sahihi, tunatokaje kwenye doa la mafuriko hadi kwenye kanda ambazo mkutano mkuu wa kijiji utazikubali?

---

Bendi_ya_12

Dada Mpimaji, kwenye La Palma una makosa matatu yaliyopandana. Nianze na lile lililokausha kisiwa kizima.

Tarehe 25 Januari 2022 utengenezaji wa data za Sentinel-2 ulibadilika. Kuanzia toleo 04.00, kila pikseli imeongezwa 1000. Zamani ulikuwa unagawa namba kwa 10,000 unapata kiwango cha mwanga uliorudi. Sasa unatoa 1000 kwanza, ndipo unagawa. Picha yako ya Agosti iko upande mmoja wa tarehe hiyo, ya Februari iko upande wa pili. Angalia hesabu: msitu wenye B4 (bendi ya mwanga mwekundu) ya 400 na B8 (infraredi ya karibu) ya 3000 una NDVI ya 0.76. Ongeza 1000 kila upande, unapata 1400 na 4000, NDVI inashuka hadi 0.48. Msitu haujaguswa hata jani, lakini umepoteza 0.28, na kizingiti chako ni 0.2. Ndiyo maana misitu ya kaskazini imekuwa lava.

Fungua jina la faili. Kuna kipande kinachoanza na N na tarakimu nne. N0301 ni ya zamani, haina nyongeza. N0400 au N0500 inayo. Usiangalie tarehe ya picha peke yake, kwa sababu picha nyingi za kabla ya 2022 zimetengenezwa upya na sasa zinatoka na N0500. Kwenye kikokotoo cha rasta cha QGIS (programu ya bure ya ramani) andika (B8−1000) na (B4−1000) kwa ile yenye nyongeza tu. Ukifanya kazi Google Earth Engine (huduma ya mtandaoni inayokokotoa kwenye kompyuta za Google), chagua mkusanyiko wenye neno HARMONIZED mwishoni, hiyo hesabu imeshafanyika.

La pili, hekta 1,590. Naweka dau kwamba mradi wako wa QGIS ulikuwa kwenye mfumo wa ramani wenye namba EPSG:3857, ile inayokuja yenyewe ukiweka ramani ya mtandaoni kama usuli. Ile inatanua ardhi kadiri unavyokwenda mbali na ikweta. Nyuzi 28.6 kaskazini eneo linakuzwa mara 1.297. Gawa 1,590 kwa 1.297: unapata 1,226. Tayari umefika nyumbani. Hamisha poligoni kwenda UTM (mfumo wa ramani unaopima kwa mita) kanda ya 28 kaskazini, EPSG:32628, ndipo upime.

Washiriki wako walione hili kwa macho yao, kwa sababu wakirudi Lindi kosa hilo hilo litajificha. Nyuzi 10 kusini ukuzaji ni asilimia 3 tu. Kwenye hekta 400 za kijiji ni hekta 12, na hakuna atakayeshtuka mpaka siku wawili wanagombea hekta hizo 12. Lindi na Mtwara mjini ni EPSG:32737.

La tatu, kipande cha baharini. NDVI ya maji ni hasi au karibu na sifuri, ya lava mpya nayo iko karibu na sifuri. Ukitoa moja kwenye nyingine hupati upungufu, pengine unapata ongezeko. Tumia bendi ya B11 au B12 (infraredi ya mawimbi mafupi): bahari inameza mwanga wa bendi hizo karibu wote, lava iliyopoa inarudisha kidogo, na kidogo hicho kinatosha. Pale ambapo kabla palikuwa maji na baada si maji, hiyo ni nchi mpya.

Bado utabaki na majivu. Kuzunguka kasoko, misonobari ilifunikwa na majivu na NDVI ikaanguka sawasawa na ya lava. Kutenganisha, ongeza picha ya tatu, ya mwaka mmoja au zaidi baadaye. Msonobari wa Kanari unachipua tena baada ya kuungua, lava haichipui. Kilichoanguka kikainuka ni majivu, kilichoanguka kikalala ni lava. Na kwa mpangaji tofauti hiyo ni kubwa kuliko hekta: ardhi ya majivu inarudi shambani, ya lava inahitaji kuletewa udongo kwa lori.

Mambo madogo: kwa NBR (kipimo cha palipoungua) tumia B8A na B12, zote ni za mita 20, usichanganye B8 ya mita 10 na B12 bila kusawazisha. Chuja vidoa vidogo kuliko pikseli 10 za mita 20, yaani hekta 0.4. Na chagua picha za kabla na baada zenye jua la kimo kinachokaribiana, la sivyo vivuli vya makorongo vitahesabiwa lava. Agosti na Februari kwa kisiwa cha kaskazini ni mbali mno. Ukipata Februari 2021 na Februari 2022 utapunguza nusu ya usafi wa mkono.

---

Rada_Mikindani

Nachukua upande wa Lukuledi.

Desibeli −16 pekee haikuambii pamefurika. Inakuambia pako laini. Rada inatuma wimbi la sentimita 5.6 kwa mshazari. Uso laini unalitupa mbele lisirudi, kwa hiyo unatoka mweusi. Maji yaliyotulia ni laini. Shamba la chumvi ni laini. Njia ya kurukia ndege ni laini. Hata uwanda wa mchanga uliokauka unaweza kukudanganya. Unachotafuta ni mahali ambapo siku zote ni angavu na siku ile pakawa peusi.

Kwa hiyo usitumie picha moja ya kabla. Chukua za Agosti hadi Oktoba kwa miaka mitatu au minne, zote za njia ileile ya obiti na mwelekeo uleule, tafuta namba ya katikati (median) kwa kila pikseli. Hiyo ndiyo sura ya kawaida ya bonde. Kisha masharti mawili kwa pamoja: VV ya siku ya tukio iwe chini ya −16, na iwe imeshuka kwa desibeli 3 au zaidi kutoka sura ya kawaida. Mashamba ya chumvi na uwanja wa ndege vitajiondoa vyenyewe, maana vilikuwa vyeusi tangu awali.

Lakini hapo unabaki na shimo: shamba la chumvi likifurika kweli, rada haioni tofauti. Yachore kwa mkono kutoka picha ya Sentinel-2 na kwenye ramani yapewe rangi yao, "haikupimika". Usiyaache meupe, mtu atasoma meupe kama salama.

Mikoko ni kinyume chake. Maji yakiingia chini ya miti, wimbi linagonga maji, linagonga shina, linarudi kwenye chombo. Mahali panang'aa zaidi badala ya kuwa peusi. Kwa hiyo ndani ya mikoko na matete tafuta ongezeko la VV, desibeli 2 hadi 3, siyo upungufu. Wimbi la sentimita 5.6 halipenyi mwavuli mnene vizuri, ndiyo maana hata hapo utakosa sehemu.

Halafu kuna bahari. Sentinel-1 kwetu inapita karibu saa 12 alfajiri au kati ya saa 12 na saa 1 jioni, kutegemea mwelekeo. Fungua jedwali la kujaa na kupwa kwa kila picha uliyochukua. Ukilinganisha picha ya maji mafu na ya bamvua, nusu ya "mafuriko" yako pale mdomoni ni bahari iliyojaa kama inavyojaa kila mwezi. Panga picha zako za kiangazi kwa hali ya bahari inayofanana na ya siku ya tukio.

Upepo nao. Kusi ikipiga juu ya eneo wazi la maji, uso unakwaruzika na maji yanatoka angavu. VV inaathirika kuliko VH (wimbi linalotumwa wima na kupokelewa mlalo). Ukiona bwawa lenye kingo nyeusi na katikati pameng'aa, ndiyo hiyo; angalia VH kwa kizingiti cha kama −22.

Mfuatano wa kazi ndani ya SNAP (programu ya bure ya kuchakata picha hizi): faili la obiti, kuondoa kelele za joto, kalibresheni kwenda Sigma0 (kipimo cha nguvu ya wimbi linalorudi), kichujio cha chengachenga, kusahihisha kwa mwinuko, ndipo kubadili kuwa desibeli. Watu wanabadili desibeli mapema kisha wanatafuta wastani. Wastani wa desibeli si wastani wa nguvu ya wimbi, namba zinapinda. Kata eneo lako mara baada ya kuweka obiti, la sivyo RAM ya GB 8 italala. Picha moja ya GRD (picha ya rada iliyokwisha kupangwa kwa vipimo vya ardhini) ni karibu GB 1, na ukitaka picha 20 bando litakwisha kabla ya mafunzo kuanza. Kwa kazi hii ningekwenda Google Earth Engine moja kwa moja: hesabu inafanyika huko, unapakua matokeo ya bonde lako tu, MB chache.

Mwisho kwenye hili, chuja kwa mwinuko: ondoa mteremko unaozidi nyuzi 5, na ondoa kilicho zaidi ya mita 10 juu ya mkondo wa maji ulio karibu. Modeli ya mwinuko ya Copernicus ya mita 30 inatosha kwa hilo. Haitoshi kuchora mstari wa mita 1, kwa sababu inapima vilele vya minazi na mikoko na kuviita ardhi. Nimeona hoja nyingi za "kijiji kiko juu mita 6" ambazo mita 5 kati ya hizo ni majani.

---

Kasoko_Hai

Naingilia kidogo. Kama mtaleta mfano wa mlipuko wa Nyiragongo, volkano ya Kongo, wa 22 Mei 2021 kwenye mafunzo (na mngeleta, Goma wanaongea Kiswahili, taarifa za kule zinasomeka bila mkalimani), msiende na Sentinel-2. Mawingu pale hayaondoki. Nendeni na rada, lakini si kwa weusi na weupe. Lava mpya juu ya lava ya 2002 haina tofauti kubwa ya mng'ao.

Tumieni koherensi, yaani kiasi ambacho picha mbili za rada zinakubaliana pikseli kwa pikseli. Mnahitaji picha nne za SLC (picha za rada zinazotunza awamu ya wimbi), jozi tatu: kabla na kabla, kabla na baada, baada na baada. Mji na mwamba wa zamani vinakubaliana kabla, vinaacha kukubaliana lava inapopita, halafu lava ikishatulia inakubaliana yenyewe kwa yenyewe vizuri kuliko kitu chochote, maana mwamba mtupu hautikiswi na upepo. Migomba na msitu havikubaliani hata siku moja, kwa hiyo kule juu mlimani njia hii inapofuka. Chini, kwenye nyumba, inaona vizuri. Dirisha la pikseli 10 kwa 3 linatoa mraba wa kama mita 40. Kila SLC ni GB kadhaa, kwa hiyo pakueni kabla, na mkate ukanda mdogo na vipande viwili vitatu tu kabla ya lolote.

Ol Doinyo Lengai msiijaribu kama zoezi la kwanza. Lava yake ni ya kaboneti, inatoka nyeusi na baada ya muda mfupi hewani inageuka nyeupe, na joto lake ni karibu nusu ya lava ya kawaida. Kizingiti chochote mlichojifunza La Palma kitawasaliti.

Na kwa wapangaji, neno moja la kule: mazuku. Ni hewa nzito ya kabonidayoksaidi inayojikusanya kwenye mabonde madogo kuzunguka Goma, inaua watu na mifugo, na picha za setilaiti hizi haziioni. Ramani ya lava inaweza kuonyesha kiwanja kiko salama huku kiko ndani ya shimo la mazuku.

---

Theodolaiti

Suala la mpaka. Ramani zile za 1:50,000 ziko kwenye mfumo wa Arc 1960, na picha za setilaiti ziko WGS84. Kwetu huku namba za Arc 1960 zikisomwa kana kwamba ni WGS84, kila kitu kinaangukia kama mita 300 kaskazini mwa mahali pake na karibu mita 100 magharibi. Ndiyo "pembeni" yako. Usiusukume mpaka kwa jicho hadi ukae kwenye mto. Mpe QGIS mfumo sahihi wa faili, EPSG:21037, kisha uhamishe kwenda EPSG:32737. Itakupa orodha ya njia za kuhamisha; chagua iliyoandikwa Tanzania. Kagua kwa alama tatu zisizohama: njia panda ya zamani, kona ya kanisa au msikiti, daraja la zege. Mto usiutumie kukagua, mto umehama tangu ramani ile ichorwe.

Na hapo ndipo penye mgogoro wenyewe. Mpaka uliosemwa "unafuata mto" kwenye cheti cha ardhi ya kijiji, mto ukihama baada ya mafuriko, hauamuliwi na mtu wa kompyuta. Onyesha mistari miwili, wa zamani na wa sasa, vijiji viwili vikae.

Mita 60 za hifadhi ya mto za Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004: zinapimwa kutoka ukingoni. Watu wanachukua mstari wa katikati ya mto kutoka mtandaoni na kuupanua mita 60. Mto wenye upana wa mita 40 umeshakula mita 20 za hifadhi kila upande. Chora kingo mbili kutoka picha ya Sentinel-2, chukua ya nje kabisa kati ya miaka mitano hivi, ndipo upanue.

---

Mpimaji_Mingoyo

Asanteni sana. Kaka Bendi_ya_12, dau umeshinda: mradi ulikuwa 3857. Tumerudia kwa 32628 na kutoa ile 1000, tumepata 1,231 na kaskazini kumepona. Faili la Agosti lilikuwa N0301, la Februari N0400.

Mpaka nao umekaa. Mikoko tunaifanyia kazi.

Bado nina mawili. Moja, kimbunga Hidaya cha Mei 2024: tumetafuta picha za Sentinel-1 za siku zile na tuliyopata ni ya siku kadhaa baadaye, maji yameshapungua. Tufanyeje? Pili, tunataka kutoa idadi ya nyumba zilizoharibika, tuna poligoni za majengo za Google Open Buildings. Je, kuhesabu zilizo ndani ya doa kunatosha?

---

Rada_Mikindani

Hidaya ilifika Mafia 4 Mei 2024. Wakati huo Sentinel-1B ilikuwa imeshakufa tangu Desemba 2021 na 1C haijarushwa, ikaja kurushwa Desemba 2024. Ilibaki 1A peke yake, inarudi njia ileile kila siku 12. Mito yetu ya pwani inapanda na kushuka kwa siku chache. Kupata kilele ni bahati, na mpango wa ardhi haujengwi juu ya bahati.

Kwa hiyo achana na picha moja. Fanya hesabu ya misimu: kuanzia Novemba hadi Mei, tangu msimu wa 2017/18, kila msimu uwe na doa moja la pamoja la picha zote. Kisha jumlisha. Kila pikseli itakuambia imefurika misimu mingapi. Hata kama kila kilele kilikukwepa, mabaki ya maji kwenye mabonde yatajirudia palepale, na hayo ndiyo yanayokuonyesha umbo la bonde.

Kwa yale yaliyokukwepa, alama ya maji ukutani. Nenda na simu yenye GPS, makosa yake ni mita 3 hadi 5, yanatosha. Pima kimo cha alama kutoka chini kwa futi kamba, uliza mwaka. Wazee wa Lindi wengine wanapima kila mafuriko kwa kimbunga cha Aprili 1952. Andika hilo nalo, lina maana yake. Alama 30 zilizosambaa bondeni zina thamani kuliko picha ya pili.

---

Bendi_ya_12

Kuhusu nyumba: kwa lava, ndiyo, iliyo ndani ya doa imekwisha. Kwa mafuriko, hapana. Iliyo ndani ya doa ni nyumba iliyofikiwa na maji. Ya tofali za saruji inafikiwa na maji ya magoti na inabaki. Ya udongo na fito inaanguka. Pikseli ya mita 10 ni kubwa kuliko nyumba yenyewe, haiwezi kukuambia lolote kuhusu ukuta. Andika "nyumba zilizo ndani ya eneo lililofurika" na msikubali mtu yeyote afupishe kuwa "zilizoharibika" kwenye taarifa.

Poligoni za Open Buildings kila moja ina namba ya uhakika. Weka 0.7 na kuendelea kwa hesabu, lakini kwanza tembelea mtaa mmoja mhesabu kwa miguu. Paa la bati linaonekana, paa la makuti lina rangi ya ardhi inayolizunguka na linakosekana mara nyingi. Yaani watakaopungua kwenye hesabu ni walewale wenye nyumba dhaifu. Mkipata mtaa mmoja wenye uwiano wa walioonekana na waliokosekana, toeni idadi pamoja na uwiano huo.

Kama zoezi la volkano litagusa majivu: sentimita 10 za majivu makavu ni karibu kilo 100 kwa kila mita ya mraba ya paa, na yakinyeshewa yanaweza kufika karibu maradufu. Kwa hiyo hapo swali si doa, ni unene, na unene haupimwi na Sentinel-2. Volkano ya Karthala ya Ngazija (Komoro), ambayo iko kama kilomita 380 tu kutoka Mtwara, Novemba 2005 ilimwaga majivu hadi matangi ya maji ya mvua yakachafuka. Mfano mzuri kwa watu wa pwani: uharibifu wa maji ya kunywa hauonekani angani kabisa.

---

Theodolaiti

Sasa kanda. Msianze na doa. Kamati ya mipango ya matumizi ya ardhi ya kijiji ichore kwanza chini kwa vijiti na majivu, au kwenye karatasi, bila kuona picha. Ukitanguliza picha, kila mtu atakubaliana nayo kwa sababu imetoka angani, na hutajua wanachojua wao.

Kisha leta picha iliyochapishwa, A0 kwa kipimo cha 1:10,000. Inabeba kilomita 8.4 kwa 11.9, na pikseli ya mita 10 ni milimita 1 kwenye karatasi, mtu anaweka kidole. Rangi za asili, tafadhali. Ile ya mimea kuwa myekundu inawapendeza wataalamu, ila mkutanoni utatumia saa nzima kueleza kwa nini mikorosho inaungua.

Kwa mikorosho na miombo, chukueni picha ya Agosti au Septemba. Miombo imepukutika, mkorosho uko kijani. Mwezi Aprili vyote ni kijani na uainishaji unavichanganya. Hasara ya Septemba ni mashamba yaliyochomwa, meusi kama lava yenu. Yapewe kundi lake la sampuli.

Halafu mlinganishe michoro miwili. Ningegawa hivi, na wenyeji wanaruhusiwa kubisha: palipofurika nusu ya misimu au zaidi ni mpunga, mboga za kiangazi, malisho, na zile mita 60 hazijadiliwi. Palipofurika msimu mmoja au miwili ni kilimo cha msimu, hakuna makazi mapya, hakuna choo cha shimo, hakuna ghala la korosho. Pasipofurika lakini pako chini ya mita 5 juu ya mkondo, hapo ndipo alama za ukutani zinaamua. Bila alama, pabaki shamba. Mikoko na kando za mito tayari zimetajwa kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, chini ya ardhi hatarishi, msizigawe viwanja hata kijiji kikitaka.

Wenye nyumba zilizomo tayari waorodheshwe kabla ya mkutano mkuu, siyo baada. Mstari unaopita juu ya nyumba ya mtu bila yeye kuambiwa unaua mpango mzima, hata kama halmashauri ya kijiji imeupitisha. Kwenye ramani ya Sheria Na. 6 ya 2007 (ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi) mtaweka kanda. Kwenye muhtasari wekeni muda na kiwanja mbadala kwa majina ya kaya.

Na kabla ya kuchapa: pointi 50 kwa kila kundi, zichaguliwe na kompyuta bila mpangilio, zikaguliwe kwa picha kali au kwa miguu, mtengeneze jedwali la makosa. Kama katika pointi 50 za "limefurika" 8 ni kavu, andika hivyo pembeni ya ramani. Mtu wa kwanza kulalamika atakuwa mmoja wa wale 8.

---

Mpimaji_Mingoyo

Mzee Theodolaiti, swali la mwisho: pointi 50 kwa kundi, na kundi la "mikoko iliyozama" lina hekta 30 tu. Pointi 50 humo si zitasongamana?

---

Bendi_ya_12

Hekta 30 ni pikseli 3,000 za mita 10, pointi 50 zinaingia. Weka umbali wa angalau mita 30 kati ya pointi na pointi ili zisikae ndani ya doa moja la chengachenga. Zile zisizofikika kwa miguu, subirini maji yajae, mwingie kwa mtumbwi kupitia vijito. Bamvua ni siku nzuri, maji yanaingia mbali.